Usawa wa jinsia katika mradi: tazama kwanza jina la anayelipwa

Ripoti nyingi za miradi zinazoandikwa Kisumu, Kakamega au Nakuru kwa ajili ya mfadhili wa ng'ambo huufupisha usawa wa jinsia kuwa asilimia moja: wanawake waliohudhuria. Asilimia hiyo yaweza kufika 60 na mradi ukawa haujambadilishia mwanamke chochote, ila kumwongezea vikao. Kabla ya kuhesabu vichwa, uliza mambo mawili. Pesa na vifaa vinatoka kwa jina la nani? Na ni nani ambaye akikataa jambo, jambo hilo linasimama?

Tuanze na majina, kwa sababu kosa likifanyika hapo hakuna semina itakayolirekebisha. Katika uwanda wa Kano karibu na Kisumu, kuanzia Ahero hadi West Kano, kazi ya kupandikiza mpunga na kupalilia hubebwa sana na wanawake. Jina lililo kwenye daftari la shamba, hata hivyo, aghalabu ni la mwanamume, na pengine mwanamume huyo alishafariki. Mradi wa mbegu unaoandikisha "wenye mashamba" unamruka anayelima. Kwa hiyo andikisha mlimaji. Fomu iwe na nafasi ya watu wawili kwa kila boma, kila mmoja na nambari yake ya kitambulisho na ya simu. Mjane asidaiwe hati ya shamba wakati unachompa ni kilo chache za mbegu na mfuko wa mbolea. Ushahidi wa majirani wawili kwamba yeye ndiye anayelima unatosha. Hati ziachie miradi inayohusu ardhi yenyewe, na huko uwe na wakili wa kuwasaidia wajane kufungua kesi ya mirathi. Kifungu cha 60 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi uondolewe, lakini mjane aliyefukuzwa bomani hanufaiki na kifungu ambacho hakuna wa kumpelekea mahakamani.

Kisha laini ya simu. Wanawake wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au la mtoto mkubwa, wengine kwa kuwa hawana kitambulisho. Ukituma pesa bila kukagua, malipo yatasomeka vizuri kwenye ripoti na kufika mfukoni mwa mtu mwingine. Linganisha jina la laini na la kitambulisho kabla ya malipo ya kwanza. Yakitofautiana, zungumza na mama huyo faraghani, si mbele ya foleni, wala usimfute kwenye orodha. Tenga mwezi mmoja wa kusaidia watu kupata kitambulisho, ukishirikiana na chifu na ofisi ya usajili wa watu.

Saa ya kikao nayo huchagua nani atakuja. Kwenye fuo za Ziwa Viktoria, asubuhi ndiyo saa ya omena (dagaa) kushushwa, na wachuuzi wanawake wanapaswa kununua, kuanika na kugeuza kabla jua halijapungua. Ukiitisha baraza saa nne asubuhi, utawapata wanaume waliokwisha kuuza. Jumapili jijini Kisumu ni siku kubwa ya soko la Kibuye, na kila mji una siku yake. Njia nzuri ni zoezi la ratiba ya siku: kaa na kundi la wanawake 8 hadi 10, kundi la wanaume, na kundi la wasichana, kila moja peke yake, waeleze wanachofanya tangu kuamka hadi kulala. Rudia swali kwa msimu wa mvua na kwa kiangazi, maana majibu hutofautiana sana. Hapo utaiona saa iliyo wazi, na utaona pia kama kazi unayoleta itamlaza mama usiku wa manane. Kikao kikipita muda wa saa mbili, walio na watoto huanza kuondoka. Weka kwenye bajeti mkeka, uji na mlezi mmoja wa kulipwa kwa kila watoto 5 au 6. Ni gharama ndogo kuliko chai ya wageni.

Kamati zinahitaji jicho kali zaidi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa vyombo vya uchaguzi au uteuzi, na miradi mingi huifuata kanuni hiyo: kamati ya maji ya watu 9, wanawake 3. Halafu benki inaambiwa zitoshe sahihi za watu wawili kati ya watatu, na katika hao watatu mwanamke ni mmoja, yule mweka hazina. Wanaume wawili wanatoa pesa bila yeye kujua, na kila kitu ni halali. Andika katika katiba ya kikundi kwamba sahihi ya mweka hazina ni ya lazima, kwamba kikao hakifanyi uamuzi wanawake wasipofika idadi fulani, na kwamba taarifa ya benki inasomwa kwa wanachama wote kila mwezi. Hilo la mwisho linamlinda mweka hazina mwenyewe, kwa sababu mahali pengi hushinikizwa kutia sahihi hundi tupu.

Kuhusu ulemavu, acha kuuliza "hapa kuna mlemavu?" Familia huficha, na mzee asiyeona vizuri hajihesabu kuwa mlemavu. Tumia maswali sita ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, hawezi kabisa. Anayetaja shida kubwa au hawezi kabisa, hata kwa swali moja, anahesabiwa. Lakini kuhesabu bila bajeti ni kumsumbua mtu bure. Tunashauri asilimia 3 hadi 5 ya bajeti. Mteremko wa kiti cha magurudumu unataka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo ngazi za sentimita 45 zinadai mteremko wa mita 5.4. Choo kiwe na nafasi ya kugeuka ya sentimita 150. Wakalimani wa lugha ya ishara wawe wawili, wakipokezana kila dakika 20 hadi 30. Na nauli isiwe sawa kwa wote: mwenye kiti cha magurudumu hulipia kiti hicho kwenye matatu, na mara nyingi msaidizi pia.

Jambo zito kuliko yote ni rushwa ya ngono. Jaboya ya ziwani, ambapo mchuuzi hudaiwa mwili ili auziwe samaki, hukua pale ambapo bidhaa adimu iko mkononi mwa mtu mmoja. Mradi huweza kujenga jaboya yake bila kukusudia: afisa mmoja wa nyanjani anayeandika majina, anayegawa vocha na anayepokea malalamiko. Zigawe kazi hizo kwa watu watatu, na orodha ya majina ibandikwe hadharani pamoja na vigezo vyake, isipokuwa pale ambapo kigezo chenyewe ni siri ya mtu, kama kuwa na virusi vya Ukimwi. Nambari ya malalamiko ishikwe na mtu aliye nje ya timu ya nyanjani, na awepo mwanamke wa kuipokea.

Usiweke maswali ya ukatili wa nyumbani kwenye dodoso la kawaida la boma ikiwa wahojaji hawajafunzwa. Mume akisikia, hatari inabaki na mke baada ya wewe kuondoka. Lakini kila mfanyakazi ajue la kufanya akiambiwa. Aliyebakwa apelekwe hospitali kwanza: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Hospitali hujaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, polisi hutoa P3, fomu ya ushahidi wa kitabibu. Simu ya bure ya kuripoti ukatili wa kijinsia ni 1195, na kwa mtoto ni 116. Nambari hizo zichapishwe nyuma ya kadi ya kazi ya kila mmoja wenu, dereva akiwemo.