Nimeanza dayati na njaa inanishinda: nimeze dawa gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, mwanamke, umri miaka 38, urefu sentimita 162. Siku tisa zilizopita nilianza dayati nikiwa na kilo 91. Nimeacha kabisa ugali, wali na mkate. Asubuhi nakunywa maji ya moto yenye ndimu na kijiko cha asali, mchana matango na tikiti maji, jioni mayai mawili ya kuchemsha, na kabla ya kulala kikombe cha chai ya kupunguza uzito niliyouziwa kwenye kundi la WhatsApp. Nimepungua kilo tatu na nusu, lakini njaa inanitesa. Ikifika saa kumi jioni mikono inatetemeka na kichwa kinauma, na mara tatu usiku nimejikuta jikoni nakula kiporo. Muuzaji ananiambia nivumilie, eti njaa kali ndiyo mafuta yanavyoyeyuka, na kama siwezi ana vidonge vya mitishamba vya kukata njaa. Je, mwili utazoea baada ya siku ngapi? Na vidonge hivyo vinafaa? Natumia dawa ya presha, ile ya kukojoza.

JIBU: Marahaba mwalimu. Vidonge usinunue, na chai hiyo iache leo hii, usisubiri imalizike. Dawa ya presha usiiache. Nitarudi huko, kwa sababu ndiko kwenye hatari yenyewe. Lakini kwanza niruhusu nishughulike na hilo la njaa na mafuta, maana nalisikia kliniki kila wiki, na kwa maoni yangu limewaharibia watu mwili kuliko chapati zilivyowahi kuwaharibia.

Njaa haipimi mafuta yanayochomwa. Tumbo likikaa tupu, au saa uliyozoea kula ikikaribia, hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo watafiti wa Japani Kojima na Kangawa waliitangaza mwaka 1999. Hupanda kabla ya mlo na kushuka ukishakula. Upande wa pili ipo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na kikosi cha Jeffrey Friedman kule New York. Hii hutoka kwenye mafuta yenyewe na kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Sasa ukikata chakula ghafla, leptini hushuka ndani ya siku chache, haraka kuliko mafuta yanavyopungua. Ubongo unapokea habari za ukame wakati ghala bado limejaa. Hapo ndipo mikono inapoelekea jikoni usiku, na wala si kwa sababu wewe ni mlafi au huna msimamo.

Angalia pia upande wa pili. Ukiwa umelala fofofo usiku, sehemu kubwa ya nishati unayotumia inatoka kwenye mafuta, na huhisi njaa yoyote. Na yule anayeshinda na njaa mpaka magharibi, kisha akala sahani mbili za wali na soda, anaweza kuwa ameteseka kutwa nzima bila kupungua chochote cha maana.

Muuzaji wako atakuonyesha mizani kama ushahidi. Tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Mwanamke wa umri, urefu na uzito wako, mwenye kazi ya kusimama darasani, hutumia kama kalori 2,100 kwa siku. Chakula ulichoniorodheshea hakifiki 600. Upungufu ni 1,500 kwa siku, mara siku tisa ni 13,500, yaani kilo moja na robo tatu ya mafuta, tena kama usingegusa kile kiporo. Kilo zilizobaki zimetoka wapi? Ini na misuli huhifadhi sukari ya akiba inayoitwa glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na maji yapatayo gramu tatu. Ukiacha wanga, akiba hiyo huisha na maji yake hutoka. Ongeza utumbo uliobaki mtupu na kazi ya ile chai. Siku utakayokula ugali wa kawaida, karibu kilo mbili zinaweza kurudi kwa siku moja au mbili, utalia, na muuzaji atakuambia umekosa nidhamu. Biashara nzima imesimama juu ya maji hayo.

Unauliza mwili utazoea lini. Kwa ratiba hiyo, hautazoea. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwalisha vijana 36 wenye afya, waliojitolea, takriban nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita. Walikuwa wakipata kalori karibu 1,600, zaidi ya mara mbili ya unazopata wewe, ingawa wao walikuwa wembamba tangu mwanzo na walitakiwa kutembea sana. Hawakuzoea. Waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi kama riwaya, waliramba sahani, wakawa na hasira na huzuni. Ulipofika wakati wa kulishwa tena, baadhi walikula bila kushiba. Ukijikuta jikoni saa saba za usiku na sufuria ya kiporo, kumbuka hao vijana.

Punguza kalori 500 kwa siku, labda 600. Basi. Utakula kama 1,500 hadi 1,600, na utapungua karibu nusu kilo kwa wiki, ambayo itakuwa ya kweli. Njaa itakuwepo kidogo, hasa dakika chache kabla ya mlo. Hiyo ni ya kawaida na inavumilika. Inayokutetemesha mikono si ya kuvumilia.

Sahani yako ya sasa ina kosa moja kubwa kuliko uchache wake: haina protini ya kutosha. Mayai mawili yanakupa gramu kama 13, na matango hayaongezi kitu cha maana. Kwa siku hufikishi 20, na mwili wako unahitaji 75 hivi. Protini ndiyo inayoshibisha kwa muda mrefu, na ndiyo inayolinda misuli unapopungua. Kwa hiyo yale mayai yahamishie asubuhi, pamoja na kiazi kitamu cha kuchemsha au gimbi, na chai isiyo na sukari. Ile chai ya saa nne ofisini kwa walimu najua inakuja na maandazi. Kunywa chai, maandazi wapishe wengine, beba chungwa lako ule lote pamoja na nyama zake badala ya kulikamua. Juisi, hata ya matunda halisi, hupita tumboni haraka na haishibishi kama tunda lenyewe.

Mchana kula ugali. Nimesema ugali. Wa dona, kiasi cha ngumi yako, kwa sababu dona limebaki na pumba na kiini ambavyo sembe imepoteza, na nyuzinyuzi hizo hukaa tumboni. Weka kikombe kizima cha maharage au kunde, na nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kisamvu. Jioni dagaa au samaki wa mchemsho na mboga tena, na ndizi za kupika mbili au kiazi mviringo. Mwaka 1995 watafiti wa Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38 vyenye kalori sawa, wakapima kipi kinashibisha zaidi kwa muda wa saa mbili. Kiazi mviringo cha kuchemsha ndicho kilichoongoza, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Kiazi hichohicho ukikizamisha kwenye mafuta kikawa chipsi, habari inabadilika. Watu wanauogopa wanga huku kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na tui zito la nazi kikombe kimoja kina zaidi ya 400. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Nimeshaona familia zikipungua kwa hilo tu, bila kubadilisha kingine chochote.

Kula saa zilezile kila siku. Ghrelini hufuata ratiba: ukizoea kula saa saba mchana, itapanda saa saba mchana, na usipokula hupanda kisha ikashuka yenyewe baada ya muda. Ndiyo maana ile njaa ya saa nne ya maandazi itakusumbua wiki mbili hivi halafu itafifia. Hilo mwili unazoea. Na lala. Walimu mnasahihisha madaftari mpaka usiku wa manane, halafu alfajiri mko njiani. Katika utafiti mmoja wa Chicago uliotolewa mwaka 2004, vijana waliolala muda wa saa nne tu kwa usiku mbili mfululizo ghrelini yao ilipanda kwa asilimia 28 na wakaona njaa zaidi kuliko walipolala vya kutosha, hasa hamu ya vitu vitamu na vya wanga.

Kuhusu maji ya ndimu: hayachomi mafuta. Asidi yake ikigusa meno kila asubuhi inakwangua enameli. Maji matupu kabla ya mlo yanasaidia kidogo kujaza tumbo, na ni ya bure.

Sasa ile chai. Nyingi za aina hiyo ndani yake ni sanamaki, hata kama pakiti imechorwa maua na mwanamke mwenye kiuno cha nyigu. Sanamaki ni dawa ya kuharisha inayofanya kazi kwenye utumbo mpana. Kalori za chakula hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, yaani zimeshaingia mwilini kabla chai haijaanza kazi. Unachotoa chooni ni maji na chumvichumvi, hasa potasiamu. Wewe tayari unameza dawa ya presha ya kukojoza, na nyingi za kundi hilo nazo hupoteza potasiamu. Viwili hivyo kwa pamoja, juu ya tumbo lisilo na chakula, vinaweza kuleta misuli kukosa nguvu, kukaza misuli, na mapigo ya moyo kwenda mrama. Kutetemeka na kuumwa kichwa kwako kunaweza kuwa njaa tu, au upungufu wa maji, au huo upungufu wa potasiamu. Mimi ni mtu wa lishe, sipimi damu kwa kusoma barua. Wiki hii nenda hospitali ukapime presha na potasiamu, na umwambie daktari habari ya chai bila aibu. Moyo ukidunda ovyo au ukizimia, nenda siku hiyohiyo. Ukiendelea kupungua, presha nayo huweza kushuka na dozi ikahitaji kuangaliwa upya, lakini anayepunguza dozi ni daktari.

Vidonge vya mitishamba vya kukata njaa vinanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mara nyingine vinafanya kazi kweli. Mmea wa kawaida haukati njaa ndani ya saa moja. Kidonge kikifanya hivyo, uliza kuna nini ndani. Ipo dawa iitwayo sibutramini, iliyokuwa ikiuzwa kihalali kwa kazi hiyo, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi kwa wenye matatizo ya moyo. Inapandisha presha na mapigo. Tangu wakati huo mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeikuta tena na tena ndani ya kahawa, chai na vidonge vya kupunguza uzito vilivyoandikwa "asilia kabisa". Mtu mwenye presha anayemeza hicho anacheza na kifo, na muuzaji wa WhatsApp hatakuwepo wodini.

Zipo dawa halisi zinazopunguza njaa, mfano sindano za semaglutaidi, ambayo Marekani iliiruhusu kwa kupunguza uzito mwaka 2021. Hizo huandikwa na daktari, zina masharti na madhara yake, na bei si ya mchezo. Nazo zimeshaigizwa: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia, ambalo ni jina mojawapo la kibiashara la semaglutaidi. Kwa hiyo anayekuuzia sindano hiyo kwenye begi la mkononi, bila cheti cha daktari na bila friji, mkimbie kama unavyomkimbia mwenye vidonge. Dawa za namna hiyo zinapaswa kuwa zimesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, na malalamiko hupelekwa hukohuko. Pakiti ya chai uliyobakiza usiitupe, wapelekee.

Wasomaji wengine wenye kisukari, hasa mnaochoma insulini au kumeza glibenklamaidi, msianze hata hii dayati ya nusu kilo kwa wiki bila kuonana na daktari wenu. Dawa ile ile mliyopangiwa mkiwa mnala sahani kubwa huweza kuishusha sukari kupita kiasi mkila ndogo. Kwenu kutetemeka, jasho jembamba na kuchanganyikiwa si njaa ya kuvumilia: pima sukari ukiwa na kipimo karibu, na kama huna, kunywa kitu chenye sukari mara moja, halafu kula. Mjamzito na anayenyonyesha, huu si wakati wenu wa kupunguza uzito, hata kama shosti amewaambia chai yake ni ya majani tu.