Tumbo la IBS na dawa ya Kichina: yale ninayowaambia wanaoniuliza

Hapa Mombasa, mtu akilalamika tumbo linasokota, limejaa gesi, leo anaharisha na kesho choo kimefunga, jibu la haraka ni amiba au taifodi. Nami nimepewa vidonge vya amiba mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Tumbo hutulia kidogo, kisha mambo hurudi pale pale. Sasa maradhi yangu yana jina, IBS (irritable bowel syndrome, yaani matumbo yanayosumbuka kirahisi), na tiba ya Kichina imenipa nafuu ninayoithamini. Lakini kila anayeniomba nimwelekeze kwa tabibu, kwanza namuuliza kama ameshapimwa.

Nalisisitiza hilo kwa sababu IBS haionekani kwenye kipimo kimoja. Daktari huitambua kwa dalili, baada ya kuondoa maradhi mengine. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, ambavyo madaktari huvitumia kuitambua, vinataka maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki kwa miezi 3, yakiendana na kwenda choo au na choo kubadilika, na dalili ziwe zimeanza miezi 6 nyuma au zaidi. Ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, ukiwa na homa, ukiamshwa usiku na kuharisha, au haya yakikuanza baada ya miaka 50, achana na mitishamba kwanza. Nenda hospitali ukapimwe sawasawa.

Kilichonivutia kwa tabibu wa Kichina ni maswali. Aliniwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akasikiliza mshipa kimya kwa muda mrefu, akahamia mkono wa pili. Akataka kuuona ulimi, juu na pembeni. Kisha kijana aliyekuwa akimtafsiria akaniambia: "Dada, daktari auliza, ukikasirika, tumbo lakuuma siku ile ile au kesho yake?" Ilikuwa siku ile ile, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Kwao, hasira na wasiwasi hulikaza ini, na ini likikazwa huielemea bandama, nayo bandama katika elimu yao ndiyo inayosimamia usagaji wa chakula. Daktari wa hospitali haelezi hivyo, ila naye anakubali kwamba ubongo na matumbo huwasiliana kwa mishipa ya fahamu, na kwamba fikra zikichafuka, tumbo la mwenye IBS huwa la kwanza kujua.

Dawa ya zamani wanayoanzia nayo mara nyingi kwa tumbo la kuuma na kuharisha ni Tong Xie Yao Fang. Ina vitu vinne: mizizi ya baizhu, baishao na fangfeng, pamoja na chenpi, ambayo ni maganda ya chenza yaliyokaushwa. Ukichemsha, jikoni hunukia chenza, lakini ukinywa ni uchungu mtupu. Tabibu huongeza au kupunguza kulingana na mgonjwa, na hapo ndipo naona pana uzito. Mwaka 1998, JAMA, jarida la madaktari wa Marekani, lilichapisha utafiti wa Australia uliofanywa kwa wagonjwa 116 wa IBS. Waliopewa mchanganyiko mmoja wa wote na waliotengenezewa dawa ya mtu binafsi, wote walipata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia, yaani ya kuigiza isiyo na tiba ndani. Wiki 14 baada ya kumaliza dawa, nafuu ilibaki kwa wale waliotengenezewa yao. Utafiti wa Hong Kong wa 2006, uliotumia mchanganyiko mmoja kwa wagonjwa wote wa IBS ya kuharisha, haukuona tofauti na dawa bandia. Kwa hiyo akikuuzia chupa iliyokwisha fungwa bila hata kukuuliza choo chako kikoje, inuka uende zako.

Sindano nyembamba za Kichina, zisizo na dawa, nazo nilichomwa, moja ikiwa chini ya goti, vidole vinne kutoka kwenye pia ya goti, upande wa nje wa mguu. Haziumi sana. Tathmini ya 2012 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, haikuona kwamba sindano za kweli zinazishinda zile za kuigiza, kwa hiyo kama pesa ni za mawazo, sindano zisubiri.

Jambo la usalama silifanyii mzaha. Miaka ya 1990, huko Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakimeza mitishamba ya Kichina ya kupunguza uzito waliharibikiwa figo, kwa kuwa mzizi mmoja ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Omba uandikiwe jina la kila mzizi. Ikiwa ni vidonge vya paketi, angalia kama vimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mwenye presha ajihadhari na gancao, ule mzizi mtamu, maana ukizidi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse danggui, mzizi mwingine wa Kichina, itamzidishia kuvuja damu. Na daktari wako wa hospitali lazima ajue unachokunywa, hata kama unaona haya kumwambia.

Kuhusu chakula, tabibu alinikataza vya baridi: juisi ya barafu, matunda mabichi asubuhi. Wazee wetu wa pwani wana lugha hiyo hiyo ya chakula cha baridi na cha moto, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeshangaa. Ila kwangu mimi kilichosaidia zaidi kilitoka kwa wataalamu wa lishe: kupunguza vitunguu maji na vitunguu thomu, na kunde za kila aina. Mbaazi za nazi kwa mahamri ndizo zilizoniuma kuziacha. Thomu naikaanga nzima kwenye mafuta, kisha naitoa. Ladha hubaki, lakini zile sukari zinazoleta gesi haziyeyuki kwenye mafuta.

Na kama Ramadhani imekaribia, mwambie tabibu mapema kwamba utafunga, akupangie dawa baada ya futari na wakati wa daku. Usijipangie mwenyewe kwa kunywa ya siku nzima kwa mara moja usiku.