Kuhusu homoni ya shibe na kisukari

Ndugu, umeuliza kama sindano ya homoni ya shibe itamfaa mjomba wako wa Temeke, mnene mwenye kisukari, ambaye husikia njaa mara tu amalizapo ugali. Homoni hiyo, leptini, hutengenezwa na mafuta ya mwilini, na jeni yake ilitambuliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, ingawa mimi humstahi zaidi Douglas Coleman, ambaye miaka mingi kabla ya hapo aliunganisha mzunguko wa damu wa panya mnene mwenye kisukari na ule wa panya wa kawaida, akaona yule wa kawaida akiacha kula hadi kufa, chakula kikiwa mbele yake, huku mwenzake akizidi kunenepa. Coleman alihitimisha kwamba damu ya yule mnene ilijaa kitu cha kuzuia hamu ya kula, ila mwili wake wenyewe haukuweza kukipokea. Watu wengi wanene wanayo leptini tele, ubongo ndio usioiitikia, hivyo kuwaongezea hakusaidii sana. Sindano hiyo huwafaa wachache waliozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza. Mjomba aendelee na dawa alizoandikiwa kliniki.