Ndiyo, kuzungumza na waasi kumewahi kumaliza vita

Si kweli, sheikh, kwamba hakuna serikali iliyomaliza vita kwa kukaa na waasi. Tazama Msumbiji: Rais wa wakati huo Chissano na Dhlakama, kiongozi wa waasi wa Renamo, walisaini mkataba wa amani mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya vita vya miaka kama 16, na 1994 watu wakapiga kura. Wamakonde tunaoishi nao hapa Unguja wengi asili yao huko, waulize wazee wao. Renamo walishika tena silaha 2013, ikabidi kusaini upya 2019, lakini vita vile vikubwa havikurudi. Ila lazima kiongozi wa waasi akubali kuja mezani. Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, 2008 alikataa kusaini mkataba wa amani. Hata hivyo serikali ijaribu, wanaouawa ni raia.