Maji ya nyuzi nne

Mmeuliza wiki hii ni baridi gani ilishawahi kutushika mpaka leo hatujaisahau, na najua wengi wataandika Timboroa ama Limuru saa kumi na moja asubuhi. Sawa, Timboroa nimelala, siwezi bishana na mtu. Lakini yangu ilinipata mtoni, Durham huko kaskazini mwa Uingereza, mwezi wa Januari, nikiwa ndani ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja.

Kwanza mjue mimi ni mtoto wa Dunga, hapa Kisumu. Kuogelea sikufunzwa na mtu, nimekulia kwa mtumbwi, na ziwa letu hata ukianguka kabla jua litoke maji yanakupokea tu, shida yako ni kiboko, kichocho na hayo magugu. Kwa hivyo nilipoenda masomo na nikasikia wanafunzi wana klabu ya kayaki nilijiandikisha kifua mbele, mwalimu akaniuliza kama nimewahi shika kasia nikacheka.

Jumamosi hio hewa ilikuwa kama nyuzi joto 7, na jua lilikuwa limetoka, lile jua lao la kupigia picha. Mto Wear umezunguka kilima cha kanisa kuu (kanisa lenyewe walianza kulijenga 1093, hebu fikiria), unapita chini ya Elvet Bridge, halafu Prebends Bridge, na mbele kidogo kuna ukuta mdogo ndani ya mto ambao maji yanaporomoka juu yake, hapo tulikatazwa kukaribia. Mwalimu alikuwa ametuambia tuvae kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya hewa. Nikaitikia ndio ndio, nikavuta ile suruali ya mpira inabana kama nini, halafu juu nikaweka hudi yangu ya pamba na kuifunika na koti la mvua asione, maana kusema ukweli sikuwa nasikia baridi.

Karibu na Prebends nikaona niwaonyeshe vile watu wa ziwa hukata kona. Nikaegemea kama niko kwa mtumbwi wa mjomba. Kayaki ya mtoni haitaki hayo mambo, ni nyembamba na tumbo lake ni la mviringo, nikashtukia niko kichwa chini.

Sasa hapa ndio kuna kitu watu hawaambiwi. Maji yalikuwa nyuzi 4 hivi, na ukiingia hapo kifua kinavuta pumzi chenyewe, huulizwi, ni kama umemwagiwa ndoo ukiwa usingizini lakini haiishi, na kama kichwa bado kiko chini basi unavuta maji. Mimi nilikunywa ya kutosha kabla nivute kitanzi cha ile sketi inayofunika shimo la kayaki na kutoka. Kumbe wengi hufa hivyo, dakika ya kwanza, kwa kuzama, si kwa kuganda, kuganda kunachukua muda mrefu zaidi. Ukishinda hio dakika ukapata kupumua, una kama dakika kumi mikono ikutii, baadaye vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Maji yanakunyang'anya joto kama mara 25 kushinda hewa.

Na kuogelea kwangu kote kwa Dunga? Ng'o. Hudi imekunywa maji imekuwa gunia, miguu inapiga lakini siendi, ni jaketi la kuelea tu ndio lilinishikilia. Mwenzangu akaleta ncha ya kayaki yake akasema shika, nikaiona vizuri kabisa, vidole vikakataa kufunga, nikaishia kuikumbatia na viwiko mpaka ukingoni. Huko msichana wa mwaka wa kwanza alinifungulia zipu kama mtoto wa nasari halafu akanishikia kikombe cha chai mdomoni, kwa sababu vile nilikuwa natetemeka chai yote ingeisha kwa nyasi.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mjomba yote, pale pale Dunga akishona wavu, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, halafu akauliza, "Na viboko walikuwa wangapi?"

Nikamwambia anko, huko hakuna.

"Aah," akasema, akarudi kwa wavu wake.