Pampu ya joto ya 4.8 au ya 2.6?

SWALI: Tunajenga ofisi ya ghorofa nne. Tumeletewa ofa mbili za pampu za joto kutoka nchi tofauti: moja ina ufanisi wa 4.8, nyingine 2.6. Zote zinajisifu kwa "ushirikiano wa kimataifa". Nichukue ya 4.8? Na huo ushirikiano unanihusu nini mimi mnunuzi?

JIBU: Usitie sahihi kwanza. Tafuta maandishi madogo kando ya namba hizo. A7/W35 maana yake pampu ilipimwa hewa ya nje ikiwa nyuzi 7 za Selsiasi, na maji ya kupasha jengo yakitoka na nyuzi 35. A-7/W55 ni hewa ya nyuzi 7 chini ya sifuri na maji ya nyuzi 55. Kwenye kipimo cha kwanza kuna nyuzi 28 za kupanda, kwenye cha pili 62, na kadiri mlima unavyokuwa mrefu ndivyo kompresa inavyokula umeme. Pampu yenye 4.8 kwenye A7/W35 inaweza kabisa kuanguka hadi karibu 2 kwenye A-7/W55. Kwa hiyo kama ile ya 2.6 ilipimwa kwenye baridi hiyo, huenda ndiyo bora.

(Namba yenyewe ni uwiano tu: uniti moja ya umeme, uniti 4.8 za joto. Hita ya kawaida haivuki 1; pampu huvuka kwa sababu huhamisha joto lililopo nje, hailiundi.)

Na ushirikiano unakuhusu hapohapo. Hotuba za mikutano ziache. Faida yako ni hizo herufi. Vipimo hivyo vimo katika kiwango cha Ulaya cha EN 14511, na mwenzake EN 14825 hukadiria ufanisi wa msimu mzima kwa hali tatu za hewa: Athens, Strasbourg na Helsinki. Tangu 1978, chini ya Shirika la Kimataifa la Nishati, upo pia mpango wa pampu za joto ambao nchi wanachama huchangia fedha na wataalamu kuchunguza mambo ambayo kiwanda kimoja hakina haraka nayo, kama kelele au majengo ya zamani.

Kuna suala la gesi inayozunguka ndani ya pampu pia, nalo usilipite. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yanapunguza gesi za HFC. R-410A, mojawapo ya hizo, hupasha dunia mara 2,088 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. R-290, yaani propani, takriban mara 3. Ila propani inawaka. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60335-2-40, toleo la 2022, kiliruhusu kiasi kikubwa zaidi cha gesi inayowaka ndani ya mashine, kwa masharti ya usalama. Muulize fundi wako kama amesomea gesi inayowaka, na mashine ya nje itakaa umbali gani na madirisha na mashimo ya maji taka, kwani propani ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Waandikie wauzaji wote wawili barua moja: wakupe namba za A7/W35, A-7/W55 na ufanisi wa msimu kwa hali ya hewa inayokaribia ya kwenu, pamoja na jina la maabara iliyopima. Atakayekwepa, ofa yake iweke kando.