Kisu cha silikoni hakinolewi: jibu kwa aliyeuliza kuhusu visu vya kupasulia jicho

Assalaam alaykum. Ndugu yetu kauliza vipi vinatengenezwa visu vidogo vya silikoni (ile ya chipu za kompyuta, si ule mpira) vya kupasulia jicho, na kama fundi wa hapa Unguja anaweza kuvinoa vikishaisha makali. Nilivifanyia kazi miaka miwili nilipokuwa masomoni India, basi nitasema nilichokiona kwa macho yangu.

Havinolewi. Ami yangu anachonga milango hapa Mjini. Patasi yake huipitisha kwenye kinoo, kisha huijaribu juu ya ukucha: ikiteleza bado butu, ikikwama imeshika. Makali yake yanatoka kwa kusugua. Silikoni ni fuwele, na makali yamo humo humo ndani. Kazi yako ni kuyafunua.

Unachukua kisahani cha silikoni cha unene wa nusu milimita hivi, kimefunikwa utando mwembamba wa nitridi wa kukikinga. Unapaka dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga, unachapisha umbo la visu, unafungua madirisha kwenye utando. Halafu unakitumbukiza kwenye hidroksidi ya potasiamu ya moto, nyuzi 80 za Selsiasi. Hiyo ni ndugu yake ile kostiki wanayopikia sabuni za mwani, na kina mama wa sabuni wanajua inavyounguza, kwa hiyo jikoni usijaribu. Vipovu vya haidrojeni hupanda kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Hidroksidi hiyo hula silikoni iliyo wazi kwenye madirisha, kama maikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita) kwa dakika. Kutokea upande wa pili ni kazi ya kutwa. Lakini atomu zimepangwa kwa tabaka, na liko tabaka ambalo hidroksidi karibu hailiwezi. Ikilifikia, ukuta unabaki umeinama nyuzi 54.7, na pale unapokutana na uso wa chini ndipo penye makali.

Kisahani kina upande uliokatwa bapa kuonyesha mwelekeo wa fuwele. Mara ya kwanza nilichapisha kombo, nyuzi 1 tu, jicho halioni. Kesho yake chini ya hadubini makali yote yalikuwa ngazi ngazi, kama msumeno. Visahani vitatu nikavitupa, na roho iliniuma kweli. Tangu hapo sikuchapisha kitu bila kuchimba kwanza alama za majaribio pembeni, ziniambie fuwele imelala vipi.

Nyuzi 54.7 ni pana kwa kisu, kwa hiyo anayetaka ubapa mwembamba hutumia kisahani kilichokatwa mshazari tangu mwanzo.

Nilirudi na kimoja. Ami akakipitisha kwenye uzi uliolegea. Ulikatika bila hata kuvutika. Akakigusisha kwenye kipande cha mfenesi: tik, ncha ikaruka kama kioo. Chuma kingepinda, silikoni haipindi. Ndiyo maana hufungwa kwenye mpini na kupelekwa kwenye nyama laini tu, na ncha ikishakatika unachukua kingine.